Kilo ya Gunia

Siku Kepher Otiende, karani wa kupima majani ya chai, alipokufa, mizani ilikuwa inasoma kilo kumi na nane na nusu, na yeye alikuwa ameshaandika kumi na saba na nusu. Majani yalikuwa ya Bethwel Chepyegon. Bethwel alikuwa amefungua mdomo kuuliza kilo moja imeenda wapi, kama alivyouliza kila siku ya kuchuna kwa miaka kumi na tisa. Kepher naye alikuwa ameinua kidole kujibu kama alivyojibu miaka hiyo yote: nusu ni ya gunia, nusu ni ya umande. Kidole kilibaki juu kidogo. Kisha karani akakaa polepole kwenye rundo la magunia matupu, kama mtu aliyeamua kupumzika, na hakuinuka tena.

"Sikuwa nimemwambia kitu," Bethwel aliwaambia watu wa foleni. Baadaye alimwambia daktari wa zahanati, kisha pasta, kisha Jerusa, mjane mwenyewe. "Mama Molly, haki ya Mungu, siku hiyo sikumgombeza."

"Ulikuwa umefungua mdomo," Jerusa alimwambia. "Watu wote wanasema ulikuwa umefungua."

"Nilifungua, lakini hakuna kitu kilitoka."

Walimzika kwao, upande wa ziwa. Bethwel alisafiri mpaka huko, akashika sepetu pamoja na wenyeji, na akamweleza kila aliyesimama karibu naye kwamba hakusema kitu. Waliporudi Merigi, nyumba ya vyumba viwili aliyokodi Kepher ilikuwa vile vile: koti lake msumarini, gambuti zake za mpira mlangoni, na juu ya meza kitabu cha maswali kikiwa na kalamu nyekundu katikati.

Kitabu hicho kilikuwa cha Molly, binti yake wa pekee. Molly alikuwa na miaka ishirini na tano, diploma, na kazi ya kuuza dawa za ng'ombe katika duka la pembejeo pale sokoni. Kulikuwa na chuo cha biashara Nairobi kilichochukua watu thelathini kila mwaka na kuwasomesha bure, malazi na chakula ndani. Kilitaka fomu, barua mbili za kukupendekeza, insha, na mtihani wa kuingia. Kilitaka pia uwe hujapita miaka ishirini na tano, kwa hiyo kwa Molly ilikuwa mwaka huu au basi. Fomu, barua na insha zilikuwa zimeshatumwa. Mtihani ulikuwa Kericho mjini, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano.

Tangu Desemba, Kepher alimpa maswali ishirini kila jioni kabla ya chakula. "Bila jibu hakuna ugali," alisema, ingawa ugali ulikuwa unaiva tu, jibu liwepo lisiwepo. Kitabu kilikuwa kimetumiwa na watu wawili kabla yao, na majibu yalikuwa nyuma. Wiki ya kwanza Kepher aligundua majibu mawili yaliyochapishwa vibaya, makosa ya kweli kabisa. Tangu siku hiyo alikiangalia kitabu kama alivyomwangalia mkulima: mtu mzuri, lakini wa kuchungwa. Alianza kukisahihisha. Alikata jibu la kitabu kwa wino mzito usioonyesha kitu chini yake, akaandika lake pembeni.

Alipokufa alikuwa amebakisha kurasa nne.

*

Eliakim, mdogo wake marehemu, alikuwa amewasindikiza kutoka mazishini awakalishe wiki moja, wasikae peke yao na msiba. Wiki ya tatu alikuwa bado anawakalisha. Alilala sebuleni, aliamka saa tatu, na alikuwa na njia ya kuuliza "Mmeshakula?" iliyomfanya mtu aone aibu kama bado.

Siku barua ya kiwanda cha chai ilipofika, aliisoma kwa sauti mara mbili. Kiwanda kilisikitika. Kiwanda kilikumbuka utumishi wa marehemu. Kiwanda kilikuwa tayari kumpa mtu mmoja wa familia anayejua kusoma na kuhesabu nafasi ile ile ya ukarani, na mtu huyo afike ofisini Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, saa mbili asubuhi, la sivyo nafasi ingepewa mwingine.

"Hiyo ndiyo siku ya mtihani," Molly alisema.

"Mtihani unalipa?" Eliakim akauliza.

"Bado, baba mdogo."

"Ukarani unalipa?"

"Unalipa."

"Basi mimi nimemaliza." Akavuta bakuli la samaki upande wake ili waone vile amemaliza.

Jerusa alimwacha ale. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Merigi, na alikuwa na desturi ya kutobishana bei na mtu mpaka ajue ana nini mfukoni. "Si chuo kinatuma mtihani wa kujipima kwa kompyuta?" alimuuliza Molly. "Fanya huo kwanza. Ukipita, unaenda Kericho. Ukianguka, unaenda kiwandani. Hapo hakuna mtu atasema ameonewa."

"Na nani atanifundisha mpaka siku hiyo?"

"Kwani mimi nimekufa?"

Jerusa aliishia kidato cha pili, na Kiingereza chake kilitosha maandishi ya paketi tu. Lakini namba ni namba. Jioni hiyo alivaa miwani ya marehemu, ambayo haikumwonyesha kitu, akaivua, akashika kalamu nyekundu. Molly alifanya maswali, Jerusa akalinganisha na majibu ya Kepher yaliyo pembeni. Aliweka alama za vema kwa mkono mkubwa, na pale Molly alipokosa alivuta pumzi kama mtu aliyeumwa na siafu. Wiki ya kwanza Molly alipata thelathini na tatu kwa arobaini. Wiki ya pili, thelathini na nane.

"Thelathini na nane!" Jerusa aliwatangazia wanawake wa mstari wa samaki. "Na hajala vizuri tangu msiba. Angekula je?"

*

Mtihani wa kujipima ulifanyiwa kwenye saiba, duka la kompyuta lililo nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi. Moureen, msichana wa pale, alikaa karibu kwa sababu kompyuta ilipenda kuzima. Baada ya saa mbili majibu yalitokea yenyewe, na Moureen akayasoma kwa sauti kama anavyosomea watu wote.

"Arobaini na moja kwa mia, dada. Wanasema kupita ni sitini na tano."

Watu watatu waliokuwa wanangoja kutoa nakala waligeuka. Mmoja wao alikuwa amenunua dawa ya kupe kwa Molly asubuhi hiyo, na uso wake ulionyesha anawaza kama alipewa dawa sawasawa.

"Mwambie aangalie tena," Jerusa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alimwambia Molly.

"Mama, inasahihisha kompyuta."

"Na kompyuta ilisomea wapi?"

Walirudi nyumbani. Eliakim alimwaga maji ya kunawa kwenye beseni akamshikia Molly yeye mwenyewe, heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu katika nyumba ile. Molly akanawa. "Nitaenda kiwandani," alisema. "Nitahitaji gambuti. Za baba ni kubwa?"

"Tia soksi mbili," Eliakim akashauri.

*

Tangu mazishi, Bethwel alikuwa akileta lita mbili za maziwa kila asubuhi na kukataa shukrani. Kesho yake alimkuta Molly amekaa mlangoni na kitabu magotini, hasomi.

"Chamgei, lakwet," alimsalimia kwa lugha yake, kama mzee anavyomsalimia mtoto. "Nasikia kompyuta imekushinda."

"Imenishinda, mzee."

"Mimi Kiingereza sijui, lakini hesabu ya mali hainishindi. Niulize moja."

Molly alifungua popote. "Mfanyabiashara ana magunia ishirini na tano ya mchele. Kila gunia ni kilo arobaini. Ana kilo ngapi?"

Bethwel hakutumia hata vidole. "Elfu moja."

"Hapana. Mia tisa sabini na tano."

Bethwel alimwangalia, kisha akainama akaangalia kitabu, na pale pembeni akauona ule mkono mwekundu ambao miaka kumi na tisa ulimwandikia risiti. Alikaa chini kwenye ngazi. Akaweka kibuyu cha maziwa kando kwa uangalifu mkubwa.

"Kilo ishirini na tano," alisema polepole. "Imeenda wapi?"

Molly alimsogezea kitabu.

"Imeenda wapi? Mama Molly! Kuja uone! Karani amekata mpaka mchele ya watu ya Nairobi!"

Jerusa alitoka na mwiko mkononi. Walipitia kurasa. Kepher alikuwa amekata kilo moja kwa kila gunia la mchele, la mahindi na la saruji. Alikata kwa kila kreti ya nyanya na kila sanduku la machungwa. Swali moja lilikuwa na lori la mchanga, naye alilikata, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: *mvua*. Swali jingine lilihusu abiria na mizigo yao kwenye ndege, na hapo pia hakuna aliyepona.

Bethwel alikuwa anacheka na kupangusa macho, na ilikuwa vigumu kujua anapangusa kwa sababu ipi. "Ndege! Huko juu kuna umande gani?"

"Gunia lina uzito," Jerusa alisema.

"Lina. Lakini mwenye kitabu hana gunia, mama. Yeye ameandika mchele."

"Marehemu alikuwa karani miaka kumi na tisa. Karani hakosei namba."

"Hakukosea. Alizoea."

"Bethwel, mtu yuko kaburini mwezi mmoja na nusu na bado unamgombeza kwa kilo!"

"Na wewe gorogoro yako imepondwa chini," Bethwel akasema. "Huo mkebe wa omena nimeujua siku nyingi. Mimi nasema?"

Jerusa alimgeukia binti yake. "Wewe ulijua?"

Molly alijua, kwa namna fulani. Mwezi wa pili alimwuliza baba yake, na Kepher akamwambia kwamba wanaotunga mtihani ule ni watu wa biashara, na katika biashara hakuna uzito wa uchi. Wanataka kuona nani amewahi kushika mzigo. Kwa kuwa alikuwa amegundua makosa mawili ya kweli, Molly alimwamini. Shaka ilirudi mwezi wa tatu, lakini mwezi wa tatu hakukuwa na mtu wa kuuliza. Kubishana na baba aliye hai ni mchezo wa jioni. Huyu wa sasa hangeweza kuinua kidole na kujibu.

"Kila jibu la kitabu amelifunika," Molly alisema. "Nikitaka kujifunza vizuri lazima nikate ya baba, niandike juu yake."

"Hutakata." Jerusa alichukua kitabu, akakitia ndani ya debe la unga na kulifunika. "Huo ndio mkono wake. Hana mwingine."

*

Siku mbili debe halikufunguliwa ila kwa kutoa unga. Siku ya tatu Jerusa alifunga kitambaa kichwani, akaenda kituo cha kupimia majani saa ya foleni ndefu. Wachunaji walimpisha, wakidhani amekuja kuona mahali mume wake alipoangukia. Alienda moja kwa moja kwa Jairus, karani wa muda aliyeletwa na kiwanda.

"Pole, mama," Jairus alisema.

"Asante. Nipimie gunia."

"La nani?"

"Tupu. Nipimie tupu."

Jairus aliangalia foleni. "Mama, hapa tunapima majani."

"Mpimie!" sauti ya Bethwel ilitoka nyuma, na watu kama thelathini wakakumbuka kwamba nao walikuwa na haraka ya kujua jambo hilo kwa miaka mingi. "Mpimie! Mpimie mjane!"

Jairus alitundika gunia la nailoni kwenye ndoano. Liliyumba kwa upepo. Mshale ulisogea kidogo, ukasita, ukakaa. Ilikuwa pungufu ya robo kilo, na sehemu ya hiyo ilikuwa ni matope.

Watu walikuwa wanapiga hesabu, kila mmoja yake, na midomo ilikuwa inatembea. Jerusa alikuwa amesimama mbele yao wote, mke wa aliyeandika. Alijua wakimaliza watamwangalia yeye.

"Basi," alisema, "ilikuwa umande."

Mwanamke mmoja aliguna. Mwingine akashindwa kujizuia. Kicheko kikaenda mpaka mwisho wa foleni na kurudi, na Jerusa mwenyewe akacheka mpaka akashika nguzo ya mizani, mara ya kwanza tangu Machi. Akaendelea kucheka wenzake waliponyamaza, na hapo Bethwel akaja akasimama kati yake na watu.

"Hiyo kilo hakuila yeye," Bethwel alimwambia kwa sauti ya chini. "Kiwanda kilimwambia aandike, akaandika. Angekuwa anaila angekuwa na nyumba ya mawe. Mimi nilikuwa namgombeza kwa sababu ndiye alikuwa karibu."

Nyumbani Jerusa alifungua debe, akakipangusa kitabu unga kwa leso, akakiweka mbele ya Molly pamoja na kalamu ya bluu.

"Kata."

"Mama..."

"Kata, nyathina, mwanangu. Baba yako nitaongea naye mimi."

*

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne. Molly alikokotoa upya kila swali, akakata nyekundu kwa bluu. Swali la lori la mchanga aliliacha, na Jerusa akajifanya hakuona. Bethwel alikuja jioni, akakaa mlangoni kama mkaguzi, na kila gunia likitajwa alisema, "Lote!" hata kabla hajaulizwa. Wiki ya pili walirudi saiba. Moureen alisoma sabini na mbili, safari hii akiinua sauti bila kuombwa.

Ikabaki Eliakim.

"Sabini na mbili ni ya kujipima," alisema Ijumaa jioni. "Ya kweli haijulikani. Lakini kiti cha kaka yangu kinajulikana, kiko pale, na kesho saa mbili kinapewa mtu wa nje. Wewe Jerusa unataka hiyo? Jina la Otiende litoke pale?"

"Sitaki," Jerusa alisema kwa upole uliomfanya Molly ainue kichwa. "Umesema ukweli, shemeji. Ndiyo maana nimekupigia pasi shati."

"Shati gani?"

"Lako jeupe. Barua inasema mtu mmoja wa familia. Haijasema binti. Anayejua kusoma: umeisoma mara mbili kwa sauti, tumekusikia. Anayejua kuhesabu: si ulikuwa mweka stoo kule kiwanda cha sukari?"

"Kile kilifungwa."

"Kilifunga hesabu zako pia?"

Eliakim aliangalia bakuli, kisha mlango, kisha Molly, ambaye alikuwa anasoma ukurasa ule ule kwa bidii. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimefungwa miaka sita. Tangu hapo alikuwa amekalisha misiba mitatu, na kila msiba alikaa zaidi kidogo kuliko ule uliotangulia. Watu walimwita mtu wa huruma. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, kwa miaka sita, kama anaweza kufika mahali saa mbili.

"Gambuti," alisema, "za kaka ni namba ngapi?"

"Kama zako."

Asubuhi walitoka pamoja. Eliakim alishuka upande wa kiwanda, shati jeupe na gambuti, akitembea kama mtu anayeogopa kuchafuka. Molly alipanda pikapu ya maziwa ya Bethwel kwenda Kericho. Ukumbi ulikuwa na viti mia mbili na kumi. Swali la kumi na tisa lilikuwa na magunia: themanini ya kahawa, kila moja kilo sitini. Aliandika elfu nne mia nane, kila gunia lote bila kupunguza, kisha akakaa na kalamu hewani mpaka msimamizi akaja kumwuliza kama wino umeisha.

"Haujaisha," Molly alisema. "Pole." Akaenda la ishirini.

*

Majibu yalikuja Julai. Alikuwa wa ishirini na sita kati ya thelathini. Wanawake wa mstari wa samaki walitaka kujua waliomzidi ni wa nani, na Jerusa akawaambia ni watoto wa watu wa kompyuta.

Kiwanda kilimchukua Eliakim kwa majaribio ya miezi mitatu, kisha kikamwandika. Anaamka saa kumi na moja, na anataka chai yake iwe mezani kabla hajafunga kamba za viatu, hata siku asizovaa viatu vya kamba. Bethwel bado analeta maziwa, siku hizi lita moja.

Molly aliondoka wiki ya kwanza ya Septemba na sanduku moja. Likizo ya chuo inaanza Desemba tarehe kumi na tatu. Mpaka hapo Jerusa anahesabu siku, maana nyumbani Merigi wako watu wawili, na mmoja wao ni Eliakim.